Seli za haidrojeni nyumbani? Labda Japani

Ndugu Mhariri,

Umeme ukikatika mtaani kwetu, jirani yangu hana wimbo mwingine ila seli za haidrojeni, yaani mitambo midogo inayotoa umeme kwa haidrojeni: "Wajapani wanazo majumbani, sisi tunangoja nini?" Ni kweli wanazo tangu 2009, kwa jina la Ene-Farm. Lakini mtambo ule kwa kawaida unakula gesi asilia ya bomba. Unaitoa haidrojeni yake, unaikutanisha na oksijeni ya hewani, unapata umeme wa wati kama 700 na joto jingi. Joto hilo ndilo linalofanya hesabu ikubali, maana linapasha maji ya kuoga. Mimi hapa Temeke, saa saba mchana bomba lenyewe linatoa maji ya moto bila kuombwa!

Gesi asilia ya kisiwa cha Songo Songo imefika Dar es Salaam tangu 2004, ila jikoni kwangu bado ni mtungi, nao hupenda kuisha maharage yakiwa nusu. Nani atanijazia mwingine wa kuwashia taa?

Nina paneli mbili juu ya bati na betri nyuma ya mlango. Feni inazunguka. Jirani huja kuchaji simu yake hapo hapo, huku akiendelea na habari za haidrojeni.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam