Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia kazi iliyotushika mwaka huu: sahani za gesi na vumbi zinazozunguka nyota changa, ambamo sayari huumbika.

Tulianza na jaribio alilofanya mwanaastronomia William Herschel mwaka 1800. Asubuhi moja, juu ya paa la nyumba ya mwanachama mwenzetu Kariakoo, tulipitisha mwanga wa jua kwenye prizimu, tukapanga vipimajoto vitatu tulivyovipaka masizi nchani. Kilichopanda kuliko vyote ni kile tulichokiweka nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu. Vijana walikisoma mara tatu ndipo wakaamini. Ile ndiyo infraredi, na vumbi vuguvugu la sahani hizo hung'aa kwa mwanga huohuo.

Kila molekuli huacha alama yake humo. Chombo cha MIRI, kilichomo kwenye darubini ya James Webb iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, huzisoma kwenye mawimbi ya infraredi yenye urefu wa kuanzia mikromita 5 hadi 28. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kuona mvuke wa maji karibu na nyota PDS 70, iliyo umbali wa miaka nuru 370 hivi. Nyota hiyo ina umri wa miaka milioni 5 na ushei, na nyingi za rika lake zimeshapoteza sahani zao.

Lakini iliyonigusa zaidi ni nyota changa EX Lupi. Ilipowaka ghafla mwaka 2008, darubini ya anga ya Spitzer ilikuta kwenye sahani yake fuwele za madini ya forsteraiti ambazo miaka michache nyuma hazikuonekana. Joto lilikuwa limeligeuza vumbi kuwa fuwele, za aina ileile tunayoikuta kwenye nyotamkia za kwetu. Mambo ya mamilioni ya miaka, na hili moja tumelishuhudia likitokea!

Mmeniuliza kwa nini nasi tusipime infraredi. Mvuke uliojaa hewani Dar huinyonya. Mnakumbuka Kigamboni, tulivyoshinda tukifuta umande kwenye lenzi kwa kanga. Mwanga unaoonekana, hata hivyo, tunaweza kuuchambua. Kwa hiyo naomba fedha tulizochangia darubini kubwa zinunue kwanza kichujio cha kutawanya rangi, kifungwe kwenye darubini tuliyonayo. Januari, kundi la nyota la Orioni likiwa karibu na utosi, tuanze na nyota yake Betelgeuse, kisha nebula, yaani wingu la gesi na vumbi, iliyo chini ya mkanda wa Orioni, ambamo darubini ya Hubble ilizipiga picha sahani hizi.

Hoja hiyo iko kwa katibu, tuipigie kura leo.