Semina ya walimu wa Sayansi: utaipimaje?

Ndugu yangu Mwalimu,

Salamu nyingi, na hongera kwa majukumu mapya. Ujumbe wako nimeusoma: halmashauri inataka uandae tathmini ya mafunzo ya walimu wa Sayansi wa shule za msingi, na fomu uliyopewa ya kuanzia ni ile ile ya miaka yote, ya "umeridhika kwa kiasi gani". Nakujibu kwa barua kwa sababu jambo lenyewe haliishi kwa meseji mbili.

Tuanze na hiyo fomu. Ikijazwa mchana wa siku ya mwisho, kabla watu hawajasaini karatasi ya posho, itakupa nne na tano kati ya tano kutoka juu hadi chini. Nani atampa alama mbili mtu anayemsubiri amlipe? Ikibidi uitumie, waijaze baada ya malipo, bila majina, na iwe na maswali matatu tu: wiki ijayo utafundisha nini kwa namna tofauti, kitu gani shuleni kitakukwamisha, na kipi hukukielewa. Majibu ya swali la pili yahifadhi vizuri, utayahitaji baadaye. Mambo ya ukumbi na chakula muulize mratibu.

Mmarekani mmoja, Thomas Guskey, mwaka 2000 alipanga tathmini ya mafunzo ya walimu katika ngazi tano: washiriki wameyaonaje, wamejifunza nini, shule imewapa nafasi ya kutekeleza, wanayatumia darasani, na mwisho wanafunzi wamefaidika nini. Ushauri wake ni kwamba unapopanga uanzie ngazi ya mwisho urudi nyuma. Kwa Sayansi ya shule ya msingi naona hiyo ndiyo njia pekee yenye maana. Kabla hujaandika swali hata moja la dodoso, taja kitu ambacho mtoto ataweza kukifanya kwa mikono yake ambacho sasa hawezi.

Chukua mada ya umeme. Mpe mtoto betri moja ya tochi, balbu ndogo ya tochi na kipande kimoja cha waya kilichochunwa ncha zote mbili, umwambie aiwashe balbu. Utashangaa. Wengi wanaochora sakiti safi kabisa kwenye daftari watashika waya upande mmoja wa betri, wagusishe ncha ya chini ya balbu, wangoje. Hawajui kwamba balbu ina sehemu mbili za kuunganishia: ile ncha ya chini, na ubavu wake wa chuma. Balbu huwaka ncha ikikaa kwenye chuchu ya betri na waya ukatoka kitako cha betri hadi kwenye ubavu wa balbu. Kwenye michoro ya vitabu balbu huwa imekaa kwenye kishikio, na kishikio ndicho kinachoficha jambo lenyewe. Kazi hii huchukua dakika tatu kwa mtoto mmoja. Watoto kumi kwa shule, mmoja mmoja, mbali na wenzao wasiigane, na mwangalizi anaandika jaribio la kwanza lilikuwaje, si matokeo ya mwisho pekee. Betri zipimwe asubuhi hiyo, maana betri iliyochoka itamfelisha mtoto aliyepatia.

Usitegemee matokeo ya mtihani wa Darasa la Saba yakufanyie kazi hii. Sehemu kubwa yake ni kuchagua herufi, na alama ya shule nzima hubeba mambo mengi: masomo ya ziada, utoro, hata idadi ya waliohamia.

Sasa rudi kwa mwalimu. Maarifa yake yapime kwa swali lenye vipande viwili: jibu, na sababu. Jaribio la mshumaa linafaa sana. Mshumaa unasimama kwenye sahani yenye maji, unafunikwa kwa glasi, unazimika, maji yanapanda ndani ya glasi. Kwa nini yamepanda? Jibu linalozunguka ni kwamba oksijeni imeisha na maji yamechukua nafasi yake. Si hivyo. Mshumaa huzimika wakati oksijeni bado ipo nyingi tu ndani ya glasi. Kinachofanyika hasa ni kwamba hewa iliyopashwa moto hutanuka, nyingine hutoka kama mapovu ukingoni mwa glasi, kisha moto ukizimika hewa iliyobaki hupoa na kusinyaa, na maji husukumwa ndani. Ndiyo maana maji hupanda kwa kasi baada ya moto kuzimika, na ukiweka mishumaa mitatu badala ya mmoja hupanda zaidi, ingawa glasi ni ile ile na oksijeni ni ile ile. Mwalimu akiweza kukupendekezea hilo la mishumaa mitatu kama njia ya kupima wazo la oksijeni, huyo ameiva. Ongeza na swali la ufundishaji: mtoto amesema mti hula udongo, utamuuliza nini, na utamwonyesha nini? Hapo ndipo utatofautisha anayejua sayansi na anayejua kuifundisha.

Maswali ya aina ya "najiamini kufundisha mada hii, moja hadi tano" yana mtego. Siku ya kwanza mwalimu hujipa nne kwa sababu hajajua asichokijua. Siku ya mwisho hujipa tatu kwa sababu macho yamefunguka. Ukitoa kwa hesabu tu, semina nzuri itaonekana imemharibu. Dawa yake ni kuuliza mara moja, mwishoni, kwa safu mbili: kabla ya mafunzo ulikuwa wapi, na sasa uko wapi.

Halafu darasani, na hapa usibane bajeti. Kipindi kimoja ulichokitolea taarifa wiki mbili kabla ni maonyesho: zana mpya ukutani, na watoto wanajibu swali kabla halijaisha kuulizwa. Angalia vipindi viwili au vitatu kwa kila mwalimu, kwa kutaja wiki bila kutaja siku, mara ya kwanza kabla ya mafunzo, kisha miezi mitatu baadaye, kisha mwaka ukigeuka. Fomu ya kuangalia kipindi isizidi karatasi moja, mbele na nyuma. Kila dakika tano mwangalizi anaandika nani anasema na nani ameshika zana. Katika kipindi cha dakika 40 hiyo ni mistari minane, mtu anaimudu. Maswali ya mwalimu aandike matano, neno kwa neno, na majibu yake.

Pima pia subira. Mary Budd Rowe, aliyefanya utafiti wake katika madarasa ya sayansi ya shule za msingi huko Marekani, aligundua kwamba mwalimu akiuliza swali husubiri wastani wa sekunde moja hivi, kisha hujijibu au humtaja mwingine. Wakijizoeza kusubiri tatu au zaidi, majibu ya watoto hurefuka na wale wanyonge huanza kusema. Saa ya simu inatosha kupima, na ni kipimo ambacho mwalimu hawezi kukipaka rangi kwa ajili ya mgeni.

Waangalizi wawili waingie pamoja kwenye vipindi vya mwanzo, wajaze kila mmoja kivyake, kisha walinganishe. Wakitofautiana zaidi ya mara mbili katika kila vipengele kumi, kosa liko kwenye fomu au kwenye mazoezi yao. Rekebisheni kabla ya kusonga mbele. Na mkufunzi aliyeendesha semina asiwe mwangalizi wa semina yake.

Madaftari ya watoto ni ushahidi wa bei nafuu kuliko wote. Omba matano, uyachague mwenyewe, si yale atakayokuletea mwalimu. Yafungue tarehe moja. Kama "matokeo ya jaribio" yanafanana neno kwa neno katika yote matano, hakukuwa na jaribio, kulikuwa na ubao. Joto la maji yanayochemka ni kipimo changu nikipendacho: Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Daftari la Mbeya lililoandika 100 halijawahi kukaribiana na kipimajoto. Nyuzi 93 hapa na 95 pale, zenye kufutwafutwa, hao ni watoto waliopima.

Kuhusu kulinganisha: bila shule za kulinganisha hutajua lolote. Ukichukua zilizoburuta mkia mwaka huu, baadhi zitapanda mwakani hata kama hukuzigusa, kwa kuwa sehemu ya anguko lao ilikuwa bahati mbaya tu ya mwaka mmoja. Halmashauri haina fedha za kufundisha wote kwa mkupuo, kwa hiyo tumia hilo: orodhesha shule 48, pigeni kura mbele ya walimu wakuu, 24 ziingie mwaka huu na 24 mwakani. Zinazosubiri ndizo za kulinganishia, na hakuna atakayelalamika kwamba ameachwa.

Kwa nini 24 na si 12 zenye watoto wengi zaidi? Kwa sababu watoto wa shule moja hufanana: mwalimu mmoja, kitabu kimoja, kijiji kimoja. Tuseme kiwango cha kufanana ni 0.2 (sifuri ni hawafanani kabisa, moja ni wanafanana kabisa). Shule 12 zenye watoto 40 kila moja ni karatasi 480 za majibu. Kigawanyo hupatikana hivi: 1 + (watoto wa shule moja kasoro mmoja) × 0.2. Unapata 8.8, na 480 gawanya kwa 8.8 ni kama watoto 55 tu wasiohusiana. Chukua shule 24 zenye watoto 20: karatasi ni zile zile 480, kigawanyo kinashuka hadi 4.8, nawe unabaki na 100. Gharama inayoongezeka ni mafuta ya pikipiki. Kwa zoezi la betri, lenye watoto kumi kwa shule, idadi hii ya shule ndiyo itakayokuokoa.

Ngazi ya shule ndiyo inayosahaulika, na mara nyingi ndiko uzi unakokatikia; hapa ndipo utayahitaji yale majibu ya swali la pili. Uliza mapema: waliohudhuria wanafundisha Sayansi kweli? Mwalimu akishaondoka darasani Januari kwenda kufundisha Kiswahili, mafunzo yote yamekwenda naye. Fuatilia mwalimu mmoja mmoja, pamoja na waliohama, na uwaandike kwenye taarifa, usiwafute kimyakimya. Uliza betri na waya zinanunuliwa na nani, kwa kuwa kufaragua zana kuna mwisho: kopo utaliokota, kipimajoto hutakiokota. Na kwenye MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) usihesabu vikao vya jumuiya ya kujifunza kwa sahihi za mahudhurio. Soma muhtasari. Kama ajenda ilikuwa matangazo ya mwalimu mkuu na maandalizi ya mahafali, hicho si kikao cha kujifunza hata kikiwa na sahihi kumi na tano.

Suala la siku ngapi utaulizwa tu. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walipekua tafiti zaidi ya 1,300 zilizodhaniwa kuhusika na mafunzo ya walimu na ufaulu wa wanafunzi. Zilizofikia viwango vya ushahidi walivyojiwekea zilikuwa 9, zote za shule za msingi. Mafunzo yaliyozidi saa 14 yalionyesha faida kwa watoto, na yaliyokuwa chini ya hapo hayakuonyesha tofauti ya kuaminika. Semina ya siku mbili, ukitoa ufunguzi wa mgeni rasmi na chai, haifiki 14. Mwambie bosi wako hivyo kabla ratiba haijapitishwa.

Gharama igawanye kwa idadi ya walimu waliobadilika darasani, usiigawanye kwa waliohudhuria. Watakununia kidogo, lakini watakuelewa.

Nitumie rasimu ya fomu ya kuangalia vipindi kabla hujaipeleka kuchapwa, pamoja na orodha ya shule na umbali wake kutoka ofisini. Ningependa kuona kwanza zile za mbali, maana ndizo hukatwa fedha zikipungua, na zikikatwa sampuli yako inabaki ya shule za barabarani.

Wasalimie nyumbani, na watoto.

Wako,
rafiki yako