Mafundi tupime kwanza kabla ya kusema taima imekufa

Mhariri,

Naomba unichapishie barua hii maana jambo lenyewe linaniuma na naona linazidi tu. Mimi ni fundi wa mashine za kufulia hapa Tandika, na mashine nyingi zinazonifikia zimeshapita kwa fundi mwingine. Maelezo ni yale yale, fundi kasema taima imekufa, yaani kile kifaa cha kitasa kinachoamua motor ipate umeme lini na kwa dakika ngapi, tukaenda Kariakoo tukanunua nyingine, akafunga, na bado haifanyi kazi. Nikifungua nakuta tatizo liko kwingine kabisa na ile taima ya zamani ilikuwa nzima, hakuna mtu aliyeipima. Mama wa watu kashalipa spea, kalipa ufundi, kalipa bajaji ya kubeba mashine kwenda na kurudi, na nguo za watoto bado anafua kwa mkono.

Nataka wasomaji wako wajue kwamba taima inapimika, tena kwa mita ya kawaida tu ya kupimia umeme, ile ya mkononi yenye ncha mbili.

Nianze na hizi za matanki mawili, moja la kuoshea na moja la kukamulia, maana ndizo zimejaa mitaani. Taima yake ni ya springi, haihitaji umeme kuhesabu dakika, kwa hiyo chomoa plagi ukutani, zungusha kitasa mpaka dakika 5 halafu tega sikio. Ikigonga tik tik mpaka ikarudi sifuri basi springi na meno viko salama. Kama kitasa kinazunguka bure bila kukaza, kichomoe uangalie tundu lake la ndani, mara nyingi plastiki imelika tu na unachohitaji ni kitasa, sio taima nzima.

Sasa hapa ndio pa kuangalia vizuri. Ile motor ya kuoshea ina koili mbili na kapasita moja, kile kifaa kidogo kinachotunza chaji na kuisaidia motor kuanza, na kazi ya taima ni kupeleka umeme upande huu, kupumzika kidogo, halafu kupeleka upande wa pili, ndio maana nguo zinazungushwa kulia na kushoto. Koili zote mbili na kapasita vinafanya kazi pande zote. Maana yake ni kwamba mashine ikizunguka vizuri upande mmoja na upande wa pili ikakaa kimya, motor ni nzima na kapasita ni nzima, kosa lipo kwenye taima au kwenye waya wake, na hapo hata mimi nitakwambia nenda kanunue. Lakini ikiwa inavuma tu haizunguki upande wowote, kwa nini unaanza na taima? Umeme umeshapita ndio maana inavuma! Angalia kapasita, angalia mkanda, angalia kama kuna soksi imenasa chini ya ile sahani inayozungusha nguo. Halafu upande wa kukamulia taima yake ni swichi moja tu, na kabla yake kuna swichi ndogo ya mfuniko, hiyo ikijaa kutu mashine haikamui hata ungefunga taima mpya.

Kupima kwenyewe ni hivi, plagi ikiwa nje na kapasita imeshatolewa chaji, unachomoa waya za taima, unaweka mita kwenye mlio, yaani inalia ncha zake mbili zikiwa zimeunganika, ncha moja kwenye waya unaoingiza umeme na nyingine kwenye waya unaokwenda motor, unazungusha kitasa unasubiri. Inalia, inanyamaza, unahamisha ncha kwenye waya wa pili nao unalia kwa zamu yake. Usipolia kabisa mzunguko mzima, fungua taima utaona mwenyewe, ndani kuna vibati vyembamba vya shaba vinavyosukumwa na gurudumu la plastiki, na kwenye ncha zinapogusana utakuta pameungua peusi na pengine plastiki ya pembeni imeyeyuka. Huku pwani chumvi ya hewa inakula hizo ncha haraka, hasa mashine ikiwekwa barazani, na umeme ukiwa mdogo motor inavuta ampea nyingi ikihangaika kuanza, basi ncha zinaungua zaidi.

Zile otomatiki za mtumba kutoka Ulaya zenye kitasa cha programu ndizo watu wanapigwa zaidi. Taima yake inaendeshwa na kimotor kidogo cha umeme, na nyingi zimetengenezwa makusudi kisimame kusubiri. Ikijaza maji, taima inasubiri mpaka swichi ya kina cha maji iseme yametosha. Ikipasha moto, inasubiri mpaka joto lifike. Fundi asiyejua anaona kitasa kimeganda mahali pamoja nusu saa, anatoa hukumu.

Alikuja mama mmoja wa Segerea, mashine yake ilishafungwa taima nyingine na bado inaganda pale pale kwenye kujaza. Nilimuuliza, mama, maji unayatoa wapi? Akasema ya DAWASA hayana nguvu kwa hiyo wanajaza simtanki, na simtanki limekaa juu ya tofali tatu. Jamani! Valvu ya kuingizia maji kwenye mashine hizi inataka presha, nyingi ni kuanzia 0.3 mpaka 0.5 ya bar, na bar moja ni kama mita 10 za maji, kwa hiyo tanki liwe juu ya mashine mita 3 mpaka 5 au pawe na pampu. Maji yalikuwa yanachuruzika kidogo halafu valvu inagoma. Tulisafisha na kichujio kidogo kule hosi inapofungwa kwenye mashine, kilikuwa kimeziba mchanga, akapandisha tanki, mashine inafua mpaka leo na ile taima ya pili hakuihitaji. Hela ile ingemsaidia kitu kingine, na mimi sikuwa na namna ya kumrudishia.

Na hita ni hivyo hivyo. Weka programu ya maji baridi, kitasa kikitembea vizuri mpaka mwisho na kwenye maji moto kinaganda, anza na hita. Ya wati 2000 kwa umeme wetu wa volti 230 ukiipima kwa mita plagi ikiwa nje inasoma kama om 26, isiposoma kitu imekatika. Wenye maji ya kisima ya chumvi hili linawahusu sana maana hita inaota magamba mpaka inapasuka. Kipimo cha mwisho ni kuangalia kama umeme unafika kwenye kile kimotor cha taima. Unafika na hakizunguki, basi kweli kimekufa. Haufiki, tafuta unakokatikia. Kipimo hicho ni cha umeme ukiwa umewashwa, tena karibu na maji, kwa hiyo mwachie anayeijua kazi, usijaribu nyumbani.

Ikishathibitika kwamba ni taima, nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Hesabu waya, linganisha urefu wa mti wa kitasa na umbo lake, matundu ya skrubu, na dakika zake. Rangi za waya usiziamini, kiwanda hiki bluu ni ya motor na kile bluu ni ya king'ora, hivyo piga picha kwa simu kabla ya kukata kitu, bandika kitepu chenye namba kwenye kila waya na uhamishe mmoja mmoja. Viungio tumia konekta au lehemu na ufunike vizuri. Nimeshaona waya zimesokotwa na kuzungushiwa mfuko wa nailoni juu ya tanki la maji, nyumba yenye watoto, na waya wa ethi, ule unaokulinda usipigwe na shoti, umekatwa kabisa eti unasumbua. Mafundi wenzangu wa namna hiyo nawaomba waache, mtu anaweza kufa.

Mteja naye ana haki ya kusema fundi nionyeshe. Sema hivyo bila aibu, nionyeshe kwenye mita, na taima ya zamani nirudishie. Fundi anayejua kazi yake hawezi kukasirika.

Ombi langu jingine ni kwa wenye maduka ya spea Kariakoo. Bandikeni mita moja pale kaunta, mteja azungushe taima aisikie ikilia pande zote mbili kabla hajatoa hela, ndipo muandike risiti kwamba hairudishwi. Taima nyingi za mtumba zinauzwa zikiwa zimeshaungua ndani na mteja anakuja kugundua yuko Mbagala.

Fundi wa mashine za kufulia,
Tandika, Dar es Salaam