Mdogo wangu ana Takayasu (ugonjwa wa mishipa ya damu), anataka kuacha dawa kabla ya harusi, nifanyeje?

Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri maana hata usingizi sipati. Mdogo wangu wa kike ana miaka 26, ni msusi, mwaka jana akaanza kulalamika mkono wa kushoto, yaani akisuka kidogo tu unauma na kufa ganzi mpaka aushushe, mara kizunguzungu, mara vihoma vya jioni, akakonda sana tukajua TB, kupima makohozi hamna kitu. Nesi mmoja akampima presha mkono huo mashine haisomi, akabadilisha mashine bado, akashika kiganja kutafuta mapigo hayapo, kuhamia mkono wa kulia presha ikasoma vizuri tu. Hapo ndo daktari akashtuka, wakampiga CT ya mishipa ya damu ikaonekana ni Takayasu. Walituelezea kwamba kinga ya mwili inashambulia kuta za ateri kubwa zinazotoka kwenye moyo, kuta zinakuwa nene na njia ya damu inabaki nyembamba. Ni ugonjwa wa nadra, unawapata zaidi mabinti chini ya miaka 40.

Kaanzishiwa dawa za kutuliza kinga ya mwili, prednisoloni dozi kubwa na methotrekseti ya mara moja kwa wiki, na kweli homa zimeisha na nguvu zimerudi, ila uso umevimba umekuwa wa duara na kanenepa hajijui. Sasa harusi ni baada ya Pasaka, gauni limeshagoma, na kuna wifi kamwambia mbele za watu eti kameza hirizi gani, alilia siku nzima. Tangu hapo anasema anaacha vidonge vyote. Daktari alishaonya prednisoloni haikatwi ghafla, inapunguzwa kidogo kidogo, mtu akikata mwenyewe anaweza kuzidiwa vibaya na ugonjwa ukarudi, mishipa ikaendelea kuziba.

Kinachoniumiza zaidi, mchumba wake hajui chochote, na anataka mtoto haraka, wakati methotrekseti ni hatari kwa mimba, inabidi iachwe mapema na daktari apange dawa nyingine. Kaniapisha nisiseme. Mama anasema nikae kimya nisije nikavunja ndoa ya watu.

Jamani, nimwambie shemeji mimi mwenyewe au nimbane dada aseme kwanza? Na kama kuna mwenye ugonjwa huu aliyefanikiwa kuzaa naomba aniambie alipangiwa vipi na madaktari, na uso ulirudi dozi ilipopunguzwa? Nataka nimsomee majibu yenu mwenyewe.