Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: maboksi, chupa na wanunuzi wetu mwaka huu

Wanachama wenzangu, mama ntilie, wenye maduka, mafundi na wauza vinywaji, poleni na majukumu. Mambo ya michango mweka hazina ameshayaweka kwenye grupu, mimi naongelea taka zetu na nani ananunua.

Mpaka mwaka jana tulikuwa tunalipa gari la taka libebe kila kitu lipeleke dampo la Pugu Kinyamwezi, na humo humo kuna maboksi na chupa ambazo watu wananunua kwa kilo, yaani tunalipa ili hela yetu ikatupwe. Wanunuzi wapo Dar hii, ila mwenye yadi hawezi kutuma Kirikuu kwa ajili ya maboksi ya duka moja, kwa hiyo tukaanza kukusanya pamoja, maduka ya mstari mmoja stoo moja, na hapo ndo bei ikaanza kuzungumzika. Ukimuuzia mtu wa guta mlangoni anakupangia yeye, ukiwa na mzigo wa kujaza gari unapiga simu kwa wa pili na wa tatu ndo unaamua.

Maboksi yametusumbua sana kipindi cha masika. Boksi likilowa linaoza haraka na mnunuzi anajua anapima maji, so anakata kilo au anagoma kabisa. Yakunjueni, yafungeni kamba, yakae juu ya mbao sio sakafuni, na yale yenye mafuta ya chipsi msichanganye humo, boksi chache zinachafua mzigo wote.

Chupa za maji na soda ni plastiki aina ya PET, angalia namba 1 chini kwenye kile kipembetatu, madumu na galoni nyingi ni namba 2. Kizibo nacho ni plastiki nyingine, ndo maana kiwandani wakishasaga wanatia kwenye maji, PET inazama vizibo vinaelea. Ukimpelekea mchanganyiko atakulipa bei ya kile cha chini. Kwa makopo ya vinywaji sumaku inatosha, isiposhika hiyo ni aluminiamu, weka pembeni maana ina bei nzuri. Haya mengi tumefundishwa na vijana wanaookota makopo mtaani, wanajua mali kuliko sisi, tafadhali msiwafukuze milangoni.

Kuhusu mizani, kuna mnunuzi tumeachana naye kwa sababu kilo zake na zetu hazikuwahi kukutana. Sasa hivi tunapima wenyewe kwanza, na anayekuja na mizani yake tunaangalia stika ya Wakala wa Vipimo. Hili silegezi.

Maganda na makombo wafugaji wa nguruwe wanachukua bure, toeni tu vijiti vya mishikaki na nailoni, mnyama akimeza anaweza kufa.

Ila kuna vitu hatujapata wa kuvinunua, na hapa ndo naumia. Vile vibox vyeupe vya foamu vya takeaway ni vyepesi, vina mafuta, hakuna aliyevitaka, vinaishia kwenye mitaro, mvua ikija vinaziba na maji yanaingia ndani kwetu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na wateja wakazoea vikapu na mifuko mbadala, sioni kwa nini mteja wa kila siku asije na hotpoti yake, akina mama wengine wameshaanza na wanampimia vizuri anayekuja nayo. Wa vinywaji, soda ya chupa ya kioo inarudi kwenye kreti hatuitafutii mnunuzi, iwekeni mbele friji. Na wa nyanya muombeni msambazaji alete kwa kreti anazorudi nazo, tenga likishavunjika linabaki kuwa mzigo wenu.

Mkutano ujao tunaamua stoo yenye paa kabla masika hayajaanza. Mwenye eneo amwambie katibu, na kila mstari uje na jina la mtu mmoja atakayeshika daftari la kilo.