Barua ya wazi kwa vijana wetu wa maigizo: Patricia Routledge alikuwa na miaka 61

Wanangu,

Barua hii nimekaa nayo kifuani tangu usiku ule wa sherehe. Mlipanda jukwaani hapa Uingereza mbele ya wazazi wenu, baadhi yao wakiwa wametoka zamu ya usiku bila kufumba macho, nanyi hamjakariri hata nusu ya igizo. Mmoja wenu alishika simu mkono wa kushoto akiisoma mistari yake humo. Simu ilipozima akaduwaa, kisha akafanya lililo jepesi kuliko yote: akamwiga mzee aliyeketi safu ya mbele, anavyoburuta mguu, hata mkono wake unaotetemeka. Ukumbi ukacheka. Mzee akaweka sahani yake ya pilau chini ya kiti, akachukua fimbo yake, akatoka. Nilipomuuliza binti yetu nyuma ya pazia alinijibu, "Shangazi, si watu wamecheka?" Kisha akaniambia kwamba ana miaka 26, wenzake wameshapata majina, naye hana muda wa kupoteza kwenye mazoezi.

Kwa kuwa mmekulia nchi hii, nitasema nanyi kwa mfano wa nchi hii. Patricia Routledge, mwigizaji wa Uingereza, alifariki tarehe 3 Oktoba 2025 akiwa na miaka 96. Wengi wenu mnamjua kwa sura moja tu, ile ya Hyacinth Bucket katika kipindi cha vichekesho cha televisheni, Keeping Up Appearances, mama anayetaka jina lake la ukoo, ambalo kwa Kiingereza ni ndoo, litamkwe kana kwamba ni shada la maua. BBC ilianza kuonyesha kipindi hicho mwaka 1990. Routledge alizaliwa Februari 1929. Alikuwa na miaka 61, na jukwaani alikuwa ameanza mwaka 1952 katika ukumbi wa Liverpool Playhouse, ng'ambo ya mto Mersey kutoka Birkenhead alikozaliwa, binti wa mwenye duka la mavazi. Miaka 38 ilipita kati ya jukwaa lile na Hyacinth. Binti yangu mwenye miaka 26, umechelewa nini?

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Hyacinth anapenda kuimba, naye huimba vibaya mno, kiasi kwamba jirani yake Emmet, ambaye ni mwanamuziki, huchungulia mlangoni kabla ya kukimbilia gari, kwa kuwa akionekana tu ataimbiwa. Mimi na marehemu mume wangu tulicheka mpaka machozi, tukidhani mwigizaji mwenyewe hana sauti. Baadaye ndipo nilipojua kwamba mama yule alikuwa mwimbaji aliyefundishwa hasa, aliyepata tuzo ya Tony mwaka 1968 kule New York kwa tamthilia ya muziki, na tuzo ya Olivier, ya maigizo ya London, mwaka 1988 kwa tamthilia ya muziki Candide. Aliweza kuiharibu noti mahali panapochekesha kwa sababu alijua mahali pake sahihi. Asiyejua kuimba akiimba vibaya hutuchosha baada ya mstari mmoja, bali yeye alituchekesha kwa miaka mitano kwa kosa alilolipima.

Kitazameni tena kile kikombe cha Elizabeth, jirani mwingine wa Hyacinth. Jirani huyo ameketi jikoni kwa Hyacinth, kikombe cha thamani kinagongana na kisahani kwa jinsi mkono wake unavyotetemeka kwa hofu ya kukivunja, na Hyacinth anamtazama. Mwangalieni Routledge usoni wakati huo. Hakuna hata mara moja anapotukonyeza kutuambia kwamba na yeye anamwona Hyacinth kichekesho. Anamwamini. Anaipigania ile heshima ya uongo ya Hyacinth kwa moyo wote, na sisi tunacheka kwa sababu kila mmoja wetu ana shangazi au jirani anayeficha ndugu zake maskini wageni wanapofika. Kicheko hicho kinatupata sisi wenyewe. Kicheko chenu cha usiku ule kilimwangukia mtu mmoja mwenye mguu mbovu, naye alikwenda nacho nyumbani peke yake.

Tena msidhani kwamba uwezo ule ulishuka kutoka mbinguni. Alisoma Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Liverpool, akaenda shule ya uigizaji ya Bristol Old Vic. Mwandishi Alan Bennett alimwandikia A Woman of No Importance, iliyoonyeshwa mwaka 1982, na baadaye A Lady of Letters mwaka 1988: mwanamke mmoja, kiti, kamera na maneno, bila mwenzake wa kumpokea akisahau. Hapo hakuna simu mkononi.  Ninyi mlikuwa watano na kurasa tisa, na wiki sita za kujiandaa, na ukumbi ambao wazee wenu waliulipia kwa michango ya paundi tano tano.

Hata kushindwa alikujua. Ile tamthilia iliyompa Tony ilifungwa kabla ya kutimiza miezi miwili, na mwaka 1976 tamthilia nyingine ya Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, yenye muziki wa mtunzi Leonard Bernstein, ilifungwa baada ya maonyesho saba tu. Alirudi kazini.

Alijua pia kuondoka: mwaka 1995, baada ya misimu mitano, kipindi kikiwa bado kinapendwa, yeye ndiye aliyesema imetosha, akaenda kuigiza mpelelezi Hetty Wainthropp. Hakuolewa, na mambo ya nyumbani kwake hakuyafanya bidhaa. Mwaka 2017 alitunukiwa Dame, heshima ya juu ya kifalme kwa wanawake.

Wazee wenzangu nanyi mnaosoma, lawama si ya vijana peke yao. Ni nani aliyewafundisha kwamba msichana akipita thelathini amekwisha? Katika filamu zetu mwanamke mtu mzima hupewa kuwa mchawi au mama mkwe mkorofi, kisha tunashangaa kwamba mabinti zetu wana haraka kama wanaokimbia mvua. Usiku ule sisi ndio tuliocheka mzee alipoigwa. Mimi sikucheka, lakini nilibaki nimeketi, na kubaki kwangu kunanisumbua mpaka leo, kwa maana nilipaswa kusimama nikatoka naye.

Wanangu, nawapenda, na igizo lile limeandikwa vizuri kuliko mlivyolitendea. Jumamosi ijayo ukumbi utakuwa wazi saa nane mchana. Njooni bila karatasi, simu zenu mtaziweka kwenye kikapu mlangoni, nami nitakaa safu ya mbele nikiwa na muswada, nikiwasahihisha neno kwa neno. Na wewe uliyemwiga mzee, nipigie kabla ya Ijumaa. Nitapika, tumpelekee chakula, nawe utaingia mbele yangu na kusema naye mwenyewe.

Shangazi yenu