Paka kajengewa mnara, mabaharia je?

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni na nyumbani wameshachoka kunisikiliza.

Mimi mtu wa Pangani ila naishi Birmingham, na likizo iliyopita mimi na mume wangu na watoto tulikodi boti, zile nyembamba ndefu za kwenye mifereji, spidi yake mwisho maili 4 kwa saa yani mtu anayetembea pembeni na mbwa wake anakupita hivi hivi unamuona. Penye mwinuko mnaiingiza boti kwenye kichumba cha kuta, mnafunga mageti, mnafungulia maji yanaipandisha polepole, na kazi yote mnafanya wenyewe. Mfereji tuliopita ni wa Staffordshire na Worcestershire, ulifunguliwa 1772, vibarua waliuchimba kwa sepetu na toroli, katapila hazikuwepo.

Tulipofika Great Haywood tukafunga boti tukavuka kwa miguu daraja la zamani la mawe, Essex Bridge, jembamba kweli, lilijengwa kwa ajili ya farasi wa mizigo, ukitoka hapo unaingia kwenye shamba la Shugborough, lenye jumba kubwa la kitajiri. Jumba zuri sikatai. Utajiri wake mwingi ulitokana na Admirali George Anson wa jeshi la majini la Uingereza, aliyezunguka dunia 1740 mpaka 1744 na 1743 akaiteka meli ya Wahispania karibu na Ufilipino ikiwa imejaa fedha, alipofariki hela zikaenda kwa kaka yake Thomas ambaye ndiye aliyelipanua jumba na kujaza bustani minara.

Sasa sikiliza. Safari ile walikufa watu zaidi ya elfu moja, sio kwa vita jamani, wengi wao ni maradhi na hasa kiseyeye, fizi zinaoza, meno yanadondoka, makovu ya zamani yanafumuka upya, na dawa yake ilikuwa vitu vya kawaida tu kama ndimu na machungwa. Marehemu baba yangu alikuwa baharia wa jahazi, hakutoka bandarini bila mtungi wa achari ya ndimu aliyofunga mama, kwahiyo niliposimama pale nikiwaza wale vijana nilishindwa kuendelea kutembea. Na kwenye bustani ile kuna mnara wa paka, kweli kabisa, paka wa jiwe amekaa juu, wengine wanasema ndiye paka aliyezunguka dunia na Anson. Nilizunguka bustani nzima, mnara wa mabaharia sikuuona.

Mhariri, na kwetu ni hivyo hivyo. Kurasa zenu za safari zinatuambia jumba fulani la Pangani au Bagamoyo ni la tajiri nani na milango yake imenakshiwa vipi, lakini fundi aliyechonga ule mlango hatajwi, mtumwa aliyebeba mawe ya matumbawe kichwani ndio kabisa. Nawaomba mkiandika tena muwaulize wazee wa mtaa kabla hamjapiga picha, maana bado wapo wanaokumbuka babu zao walijenga nyumba ipi na walisafiri na chombo gani. Mimi naanza na la baba, jahazi alilosafiria lilikuwa la Pangani na kazi yake ilikuwa kukalia usukani usiku.

Msomaji wenu,
Mtoto wa Pangani,
Birmingham, Uingereza